Logi za Shemeji

Jumatatu, 2 Machi

Asubuhi mbaya. Barua pepe zinatambaa kama konokono na ofisi nzima inanitazama mimi. Watu wa mauzo wanadai walituma bei ya pampu kwa mteja, wakaenda kunywa chai, wakarudi, barua bado iko njiani. Mama Mkurugenzi kaniita. Kaniuliza kwa upole kama kampuni ina mtaalamu wa kompyuta au haina. Upole wake ndio unaotisha.

Shemeji alikuwepo, bila shaka. Ni mume wa dada yangu na ndiye fundi wa simu na printa hapa kazini. Kazi yenyewe nilimtafutia mimi, jambo ambalo halikumbuki hata akiwa usingizini. Akadakia kwamba simu zake hazina tatizo lolote. Nani alimuuliza?

Kiti cha Mkuu wa Kitengo kiko wazi. Mama atateua mwisho wa mwezi. Ni mimi au shemeji. Kwa hiyo seva lazima iruke.

Mchana nimemgundua mchawi. Nakala ya akiba! Kila alfajiri mfumo unanakili barua zote kwenye diski ya pembeni, na shughuli hiyo inajiburuta hadi saa za ofisi huku seva ikihema. Nimeizima. Kwa muda tu.

Jumanne, 3 Machi

Inaruka! Watu wa mauzo wametuma barua na mteja kajibu kabla hawajafumba kinywa. Mama Mkurugenzi kapita mlangoni kwangu, kaniambia kazi nzuri. Nimejibu kwamba nilifanya marekebisho ya ndani kabisa ya mfumo. Ni kweli. Nilibonyeza kitufe cha ndani kabisa.

Shemeji kauliza nimefanya nini hasa. Nimemwambia mambo hayo ni mazito. Kaondoka akisugua shingo. Akisugua shingo ujue anawaza.

Jumatano, 11 Machi

Mzee wa Stoo kanijia na habari ya ajabu. Kapata barua pepe kutoka kwa mdogo wake. Walikosana wakiwa vijana, maneno yakawa makali, mdogo akaondoka na hajasikika tena hadi leo. Amenunua pampu huko aliko. Ndani ya boksi akakuta kadi ya dhamana yenye anwani ya barua pepe ya stoo, na chini yake sahihi ya mtunza stoo. Akaitambua. Anasema hakuna mwingine duniani anayeandika herufi ya kwanza ya jina lao kama ndoana.

Mzee kanisomea barua yote, kwa sauti, mimi nikiwa na kazi. Mdogo anaomba radhi. Anasema anaishi wapi na anapatikana vipi. Mwisho kasema asipojibiwa ataelewa kwamba hajasamehewa, na hatasumbua tena.

Nikamuuliza Mzee kama amejibu. Kasema jibu la barua kama hiyo haliandikwi kwa pupa. Anaandika mstari mmoja, anafuta, anaenda kuhesabu mabomba, anarudi.

Alitaka kuichapisha akae nayo mfukoni. Printa ya stoo imekufa, ingebidi aende kwa shemeji. Shemeji angemchapishia kwa mbwembwe na sifa zingekuwa zake. Nimemzuia. Nimemwambia Mzee wangu, karatasi hulowa, karatasi huraruka. Kwenye seva yangu barua haipotei. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumatatu, 16 Machi

Diski ya seva inajaa. Taa nyekundu kwenye skrini yangu. Nimeifunika kwa dirisha jingine.

Sababu naijua, mimi si mjinga. Seva yetu ina tabia ya karani mwoga. Kila barua inayoingia, inayotoka au inayofutwa, kwanza inaiandika kwenye faili ndogo inayoitwa logi, ndipo inaiingiza kwenye ghala kuu la barua. Nakala ya akiba ikikamilika, karani anatulia na kufuta logi za zamani mwenyewe. Nakala isipochukuliwa, hafuti kitu. Anazirundika tu, akingoja.

Dawa ni kuiwasha nakala. Lakini ikiwashwa seva itaanza kuhema tena, na uteuzi ndio huu unakaribia. Haiwezekani.

Dawa ya pili ni kuzifuta logi kwa mkono. Vitabu vyote vinakataza. Vitabu vimeandikwa na watu wasiogombea cheo.

Jumanne, 17 Machi

Nimepata mpango safi kabisa. Logi zifutwe, ila mkono usiwe wangu.

Nimemwita shemeji karibu na mtungi wa maji, mahali pasipo na masikio. Nimemwambia namwamini, na kwamba ni wakati wa yeye kujifunza seva. Akang'aa. Nimempa neno la siri, nikamwelekeza folda ilipo, nikamwambia afute zote isipokuwa ile inayotumika sasa. Akataka nimwandikie maagizo. Nikacheka. Nikamwambia kati ya shemeji na shemeji, maandishi ya nini? Akasugua shingo.

Kufikia saa ya chakula diski ilikuwa inapumua. Taa ya kijani. Mke wangu kaniuliza jioni kwa nini naimba bafuni.

Jumatano, 18 Machi

Umeme umekatika. Betri ya seva, ambayo nilipanga kuibadilisha siku yoyote, imekata roho hapo hapo. Umeme uliporudi seva imeamka, imejikuna, halafu ghala la barua limegoma kufunguka. Lilizimika ghafla katikati ya kazi, na sasa linadai logi zake lijiweke sawa. Logi zipi? Ndizo zile.

Nimeliwasha tena. Limegoma. Nimeliwasha kwa ukali. Limegoma.

Ofisi haina barua pepe. Watu wa mauzo wamekaa mikono kwenye mashavu kama wako msibani. Simu za shemeji zinalia kila kona na yeye anatembea katikati yake kama bwana harusi.

Alhamisi, 19 Machi

Nimelirudisha ghala kutoka kwenye nakala ya akiba. Limefunguka! Nimepiga ngumi hewani. Kisha watu wameanza kuchungulia barua zao.

Nakala ya mwisho ni ya kabla sijabonyeza kile kitufe. Kwa hiyo kwenye seva leo bado ni mwanzo wa mwezi. Maagizo ya wateja tangu hapo hayapo. Mazungumzo ya zabuni ya hospitali hayapo. Mtu mmoja wa mauzo kafurahi, kwa sababu barua ya kumkaripia nayo haipo. Huyo tu.

Mzee wa Stoo kaja mchana. Kavua kofia. Kasema jibu lake limekamilika, amelipata usiku kitandani, ni fupi tu, lakini akifungua kompyuta haioni ile barua wala haoni pa kulituma. Akadhani amebonyeza vibaya. Akaniomba radhi kwa kunisumbua.

Nikamuuliza kama aliandika anwani ya mdogo wake mahali popote. Akasema hapana. Kasema, "Wewe si uliniambia haipotei, mwanangu?" Hakuisema kwa ubaya. Alikuwa anauliza tu.

Nimemwambia tunalishughulikia. Kakaa kwenye kiti cha mlangoni kwangu hadi saa ya kufunga. Sikuweza kula mkate wangu akiwa pale. Niliula kwenye chumba cha seva.

Mama Mkurugenzi anataka kikao kesho. Mimi na shemeji. Nimeshaandaa maneno: kuna mtu alipewa ruhusa ndogo ya kujifunza akafuta vitu vya kampuni. Sitamtaja jina. Nitamtazama tu.

Dada yangu kapiga simu usiku. Kasema mumewe hali chakula, anazunguka sebuleni, nimemfanya nini. Nimejibu sijui lolote. Kaniita kwa lile jina la utotoni, lile baya.

Ijumaa, 20 Machi

Kikao. Naandika jinsi kilivyokwenda, bila kujipendelea.

Nilianza vizuri. Nilieleza kwa masikitiko kwamba logi zilifutwa, na kwamba mimi singeweza kamwe kutoa agizo kama hilo, kwa kuwa kila mtaalamu anajua ni mwiko. Nikamtazama shemeji. Mama Mkurugenzi naye akamtazama.

Shemeji akasimama. Akatoa mfukoni diski ndogo iliyofungwa kwenye soksi. Akaiweka mezani. Akasema hakufuta hata moja. Alijua tangu pale kwenye mtungi wa maji kwamba nataka kumtumbukiza shimoni, kwa hiyo alizihamishia humo zote, jinsi zilivyo, ziwe ushahidi siku nitakapomgeuka. Akasema siku yenyewe imefika mapema kuliko alivyodhani.

Nilipaswa kukaa kimya. Nalijua hilo sasa. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu. Nakala ya zamani, ukiipa logi zote zilizofuata, seva inazisoma moja baada ya nyingine na kurudia kila kilichotokea hadi dakika ya mwisho. Kila kitu kinarudi. Kila kitu! Niliruka kutoka kwenye kiti nikamshika shemeji mabegani.

"Zote zipo?" nikapiga kelele. "Zote nilizokuambia ufute?"

Mama Mkurugenzi aliweka kalamu chini taratibu. Shemeji akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshakimbilia chumba cha seva na ile soksi mkononi.

Tumeshinda humo mchana kutwa, mimi na yeye, magoti yakigusana. Chumba ni kidogo na kiyoyozi kinapuliza shingoni. Nimelirudisha tena ghala la zamani, tukaliwekea logi za kwenye soksi pamoja na zile zilizoandikwa baadaye hadi umeme ulipokatika, nikaiamuru seva isome. Ingekosekana moja tu katikati, ingesimama hapo hapo. Tarehe mbili ikapita. Tarehe tatu. Shemeji alikuwa amezuia pumzi, nilimsikia. Mimi pia.

Mzee wa Stoo alisimama mlangoni, kofia mkononi. Hakuna aliyemwita.

Ghala lilipofunguka nilitafuta barua yake kwanza, kabla ya zabuni, sijui kwa nini. Ilikuwepo. Mzee akaja akaisoma kwa kidole kwenye skrini, hadi chini. Kisha akauliza kama anaweza kujibu papo hapo. Nikampisha kiti. Aliandika kwa vidole viwili, maneno mawili tu: Njoo nyumbani. Akatuma, akakaa akingoja, kana kwamba jibu lingetokea upande wa pili wa skrini.

Shemeji alikwenda kuchapisha ile barua bila kuombwa. Nakala tatu. Mbwembwe tupu.

Jumatatu, 23 Machi

Mama Mkurugenzi kaamua bila kungoja mwisho wa mwezi. Shemeji ndiye Mkuu wa Kitengo. Seva, nakala ya akiba na maneno ya siri vyote viko chini yake. Agizo lake la kwanza ni kwamba nakala ichukuliwe usiku wa manane, imalizike kabla ya kupambazuka. Rahisi hivyo. Mtu yeyote angeweza kulifikiria.

Nimeulizia nafasi yangu. Mama kasema mimi ni mtu wa kutatua matatizo haraka, labda haraka kupita kiasi, kwa hiyo ananikabidhi usalama wa jengo: milango, mitungi ya kuzimia moto, ving'ora vya moshi. Ni wazi ananitayarishia jambo kubwa. Huwezi kumpa jengo zima mtu usiyemwamini.

Mke wangu kasikiliza maelezo haya yote. Kasema chakula kinapoa.

Ijumaa, 27 Machi

Mgeni kafika! Mdogo wa Mzee wa Stoo. Amesafiri siku nzima. Kaingia stoo na mkoba mmoja, kichwa kimejaa mvi, kakuta kaka yake juu ya ngazi akihesabu valvu. Mzee kashuka taratibu. Wakakumbatiana, kisha wakabaki wameshikana viwiko, kila mmoja akimchunguza mwenzake uso.

Na muda wote huo king'ora cha moshi cha stoo kinalia. Pii. Kimya. Pii. Kimeanza tangu juzi. Sijui kina nini, moshi wenyewe haupo, na kijitabu chake sijakisoma. Wazee wa watu wamekutana baada ya maisha mazima, mmoja anataka kusema neno, pii. Mwingine anafuta machozi, pii. Nimeona aibu kwa niaba ya kampuni.

Nimepanda ile ngazi, nikafungua kifuniko, nikatoa betri. Utulivu ukashuka kama shuka safi. Mgeni kanishukuru. Mzee kanishukuru. Watu wa mauzo, ambao ukuta wao ni mmoja na stoo, wamekuja hadi mlangoni kunishukuru.

Nikaona si haki stoo peke yake ifaidi. Baada ya chakula nimepita ghorofa zote na ngazi yangu. Nimetoa betri za ving'ora vyote.

Shemeji kakutana nami kwenye korido, mifuko yangu imejaa betri. Kauliza ninafanya nini. Nimemwambia mambo haya ni mazito. Kwenye ripoti yangu ya kwanza kwa Mama nimeandika kwamba tangu nipokee kazi hii, ving'ora vya jengo havijalia hata mara moja.