Mwanga wa Jirani

Jumatatu, 4 Agosti

Posa imekwenda! Mjomba Yunus kaja kutoka Fukayosi, nikamvisha kanzu niliyoishona mwenyewe, akaketi barazani kwa Mzee Salumu na kunisifu mpaka nikajitamani. Ninayemposa ni Mwanaharusi, dada yake Mzee Salumu. Huyo dada ni jirani yangu, tunatenganishwa na ua wa michongoma tu. Yeye mjane, mimi mgane. Nani amfae zaidi? Jibu Jumapili.

Tatizo ni Abdulazizi, jirani yake wa upande wa pili, mwenye mashine ya kukuna nazi. Naye kaposa. Mtu ananuka tui toka asubuhi mpaka jioni! Leo kanisalimia kwa furaha kubwa. Kwa nini? Anajua nini?

Tatizo jingine ni Hafidha, binti wa Mzee Salumu. Anasoma chuo kikuu Dar, amekuja kwa shangazi yake Mwanaharusi kumalizia utafiti. Mchana analala, usiku taa inawaka. Nilimuuliza anatafiti nini. Kasema vitu vya mbali sana. Mtu akisema hivyo ujue anatafiti vya karibu.

Jumanne, 5 Agosti

Namwagilia mchicha kando ya ua. Mchicha wangu haujapata kunywa maji mengi hivi. Ng'ambo, Hafidha anazungumza na mwalimu wake kwa simu. Nimesikia kwa masikio yangu mawili: anachunguza mwanga wa jirani. Muda mrefu amehangaika, sasa amepata ushahidi.

Mwanga! Mchawi yule wa kuzunguka uchi kwenye nyumba za watu! Na jirani ni nani? Mimi!

Nikasogea. Mwiba ukanichoma sikio, nikavumilia. Akaendelea kwamba lenyewe halionekani, limejificha, lakini linamnyonya mwenzake taratibu, na kinachobaki linakitema pande mbili.

"Linamnyonya." Mimi Ausi, fundi cherehani, mtu wa watu, naitwa LI kama zimwi! Na huyo mwenzake ni nani kama si marehemu Rukaya wangu? Rukaya alikufa kwa presha, mji mzima unajua. Nimeingia ndani nikalia kidogo. Baadaye hasira ikaja, nikajisikia nafuu.

Mwanaharusi akiyaamini haya, posa yangu imekwisha.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata akili. Mwanaharusi ana majirani wawili. Hafidha hakutaja jina! Kwa nini nijipeleke mbele mwenyewe? Mwanga anaweza kabisa kuwa Abdulazizi. Marehemu mkewe naye alikonda sana mwishoni.

Asubuhi nikaenda kununua vitumbua kwa Somoe. Nikamnong'oneza kwamba msomi wa chuo kikuu amegundua mwanga mtaani kwetu, jirani wa Mwanaharusi, kwa vipimo, kwenye kompyuta. Nikamwomba asimwambie mtu. Ukimwomba Somoe hivyo, habari inafika Lugoba kabla ya adhuhuri. Jina sikutaja, mimi si mmbeya. Nilisema tu kwamba jirani mwenyewe ana mashine.

Alhamisi, 7 Agosti

Mambo mazuri! Wanawake wanapita kwa Abdulazizi na nazi zao, hawasimami. Wamerudia mbuzi zao za nyumbani, wanakuna kwa mkono. Yeye kasimama mlangoni na aproni nyeupe, anatazama njia.

Nimemhurumia kidogo. Nimeacha.

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa! Shuaibu kaja kuchukua kanzu ya mwanawe, na bado haina mkono mmoja. Nikamwambia asubiri. Kasema inatosha hivyo hivyo. Alinipa salamu akiwa barabarani. Chausiku naye katuma watu waje kuchukua kitambaa chake, nilikuwa sijakitia hata mkasi. Somoe kaniuliza, huku akiangalia pembeni, usiku huwa nalala wapi.

Kumbe cherehani nayo ni mashine. Hilo sikulifikiria.

Jioni Abdulazizi kaniletea bakuli la tui, kasema pole kwa maneno ya watu, na yeye pia wanamsema, tuvumiliane. Pole ya nini? Kwa nini aniletee tui leo? Nimempa paka. Paka mzima. Hilo nalo linatia shaka.

Nimeamua. Jumapili, mbele ya wote, Hafidha atamtaja mwanga kwa jina.

Jumapili, 10 Agosti



Tulikuwa barazani kwa Mzee Salumu: yeye, Mjomba Yunus, mimi, Abdulazizi na wazee wake. Wanawake ndani, mlango wazi. Harufu ya pilau inatoka jikoni. Mzee Salumu kabla hajafungua mdomo, nikasimama. Nikasema jina langu limechafuliwa, na msichana huyu msomi aitwe, aapishwe, amtaje mwanga wa jirani ni nani.

Hafidha katoka na kompyuta yake. Katupa shikamoo wote. Kaniuliza kwa upole nimeyasikia wapi. Nikasema nilikuwa namwagilia mchicha. Kisha akasema, na kila mtu akasikia:

"Mwanga huu, baba. Si mwanga huyu."

Akaeleza. Nyota zimekaa makundi makundi, na kundi kubwa kama letu linaitwa galaksi. Kwenye galaksi jirani na yetu kuna shimo jeusi. Halionekani. Linainyonya nyota iliyo mwenzake, na sehemu ya kile kinacholishinda kumeza linairusha pande mbili, mikondo ya moto yenye kasi ya ajabu. Yeye anaupokea mwanga wa mikondo hiyo kutoka kwenye darubini kubwa, anaupasua rangi rangi, kila rangi inamwambia jambo. Akatuonyesha picha yake: mstari mmoja wenye vilima vyenye ncha. Mimi nilidhani ramli.

Kwa hiyo "li" ni shimo. Shimo ni ngeli ya "li". Mambo ya darasa la tatu!

Mjomba Yunus alijifunika uso kwa kofia. Wengine walicheka mpaka wakakohoa. Abdulazizi hakucheka. Aliuliza tu ni nani aliyemwambia Somoe habari za mashine. Nikatazama dari. Kila mtu akanitazama mimi nikitazama dari.

Mzee Salumu akasema kwa masikitiko kwamba dada yake alishanichagua mimi toka Alhamisi. Pilau ile ilikuwa yangu. Yangu! Mwanaharusi akasimama mlangoni, ushungi umemkaa vizuri, akasema mwenyewe, bila kupandisha sauti:

"Kwa nusu ya neno umemfanya jirani yako mchawi. Mimi nikicheka peke yangu jikoni, utanifanya nani?"

Pilau nimepewa kwenye sahani, kama mgeni yeyote. Nimekula yote. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, 15 Agosti

Mwanaharusi amekubali posa ya Abdulazizi. Na Abdulazizi, bila haya, kaniletea kitambaa nimshonee kanzu ya harusi! Kasema hakuna fundi kama mimi. Ananitega.

Lakini subiri. Mchana Hafidha kapita kunisalimia, nadhani ananionea huruma, nikamuuliza zaidi juu ya mikondo yake. Kasema mkondo unaokuja upande wetu mwanga wake husogea kwenye bluu, unaokwenda mbali husogea kwenye nyekundu. Ndivyo wanavyojua nani anakuja na nani anakimbia. Chuo kikuu ndivyo kinavyofundisha!

Alasiri Mwanaharusi kapita mbele ya baraza yangu. Kanga ya bluu. Bluu tupu, pindo mpaka mji! Nyuma yake Abdulazizi, shati jekundu.

Kitambaa nimekiweka chini ya kitanda, sikikati. Harusi hii haipo. Nimemwambia Somoe peke yake, na nimemwomba asimwambie mtu.