Chuma cha Vitumbua Kilichong'aa

Ndugu zangu wa darasa letu,

Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, mbele ya baba mkwe, na sahani ya vitumbua mapajani. Nawaandikia mapema kabla habari haijawafikia huko Mpwapwa kwa njia nyingine, maana siri za mtaa wetu wa Makole hupanda basi la asubuhi.

Hali yangu mnaijua. Shirika lilipobinafsishwa, mimi nilirudishwa kwa mke wangu. Tangu hapo nakaa nyumbani, nafagia uwanja, nasikiliza redio. (Kukaa nyumbani nakuweza. Ndiyo kazi pekee ambayo sijawahi kuchelewa kufika.) Siku hizi kila mtu anaambiwa ruksa, fanya biashara. Nami nikatafuta biashara isiyonitoa uwanjani kwangu.

Nikaipata! Mwaka huu mvua zimekuwa nzuri, na bwawa la Bahi limejaa maji. Wavuvi wanatafuta madini ya risasi ya kuzamishia nyavu. Fundi Juma wa gereji iliyo jirani yetu akanipa donge la risasi lililotoka kwenye betri mbovu ya lori, kubwa kama kichwa cha mwanambuzi. Sasa wavuvi hawataki donge. Wanataka vipande vidogo vinavyolingana, kisha kila mtu akate na kupondea mwenyewe kwenye wavu wake. Kilichobaki kilikuwa kalibu tu, chombo cha kumiminia.

"Kalibu ya kuchongesha ni ghali," fundi Juma aliniambia. "Tafuta chochote kinachovumilia moto. Ila kiwe kikavu kama koo la mtu aliyefunga."

Asubuhi mke wangu Hadija akaenda sokoni na Rehema, binti yetu. Walipokata kona tu nikawasha mkaa uwanjani, nikaweka risasi kwenye sufuria kuukuu, nikasimama upande unakotoka upepo. (Mnaona? Kemia ilinisaidia mpaka hapo.)

Nilianza na kopo la maziwa, kwa sababu lilikuwa bure. Nilipomimina, mshono wa kopo ukaachia. Risasi ikatoka kwa chini, ikatambaa uwanjani, ikaganda ikiwa na umbo la nchi nisiyoijua.

Nikachukua kikombe changu cha bati, kile cheupe chenye mdomo wa bluu ninachonywea uji. Rangi ya ndani ikapasuka kama ganda la yai, na risasi ikang'ang'ania kwenye makovu. Nimekigonga, nimekisihi. Hadi ninapoandika, kikombe kimejaa nusu na hakimwagiki.

Udongo niliuogopa. Kwa mvua hizi haukauki ndani, na risasi ya moto ikikutana na maji hurukia uso wa mtu. Huu uso ndio pekee nilio nao, na hata huo mke wangu aliupokea kwa kuvumilia.

Ndipo nikainua macho, nikakiona. Chuma cha vitumbua, kimetundikwa kwenye msumari wake jikoni. Mashimo saba yanayolingana: moja katikati, sita yamelizunguka. Kizito. Kikavu. Cheusi tii.

Hapa lazima niwaambie kilikuwa cha nani. Kilikuwa cha mama yake Hadija, marehemu sasa, wa kule Kondoa. Siku ya harusi yetu alimkabidhi binti yake mbele ya watu, amekifunga kwenye khanga mpya. (Mimi nilipewa nasaha.) Vitumbua vya kila Idi tangu tuoane vimetoka humo.

Na kwamba risasi ni sumu, nilijua. Siwezi kulikana hilo. Nililiandika kwa mkono wangu kwenye mtihani wa kidato cha nne, nikapata alama. Lakini nilijiambia, mara moja tu. Nitakisugua.

Jamani, vilitoka! Nilikipindua juu ya gunia, vikadondoka saba, pwa pwa pwa! Tumbo la mviringo, mgongo bapa, vinametameta. Nikamimina tena, saba vingine. Nilisimama nikavitazama kama mzazi.

Kisha nikasugua. Mchanga, majivu, na nusu nzima ya mche wa sabuni. Chuma kikang'aa kama sinia la harusi. Nikakirudisha kwenye msumari, nikaficha vipande vyangu kumi na vinne nyuma ya pipa la maji. Moyo ukaniambia, mwambie Hadija kabla hajakigusa. Nikaujibu moyo: jioni. Wiki hii hana mpango wa vitumbua. Nikanawa, nikaenda gereji kujisifu.

Nimerudi alasiri. Mlangoni nikakuta makobazi ninayoyafahamu. Ya Mzee Iddi, baba mkwe.

Mzee Iddi alimwoza binti yake kwa mtu wa ofisi. Huko Kondoa akasikia kwamba ofisi haipo tena, akapanda gari bila taarifa. Hadija alinidaka ukumbini, akaninong'oneza, "Baba Rehema, baba amekuja kuangalia tunavyoishi. Akiona tumeshindwa, anatuchukua mimi na mtoto twende Kondoa mpaka upate kazi. Nakuomba leo uwe mtu."

Nikaingia nikiwa mtu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiyo unatoka kazini?"

"Natoka... upande huo."

Hadija akaleta sinia. Chai ya maziwa, asali aliyokuja nayo mzee, na katikati sahani imefunikwa kawa. Akafunua kawa. Vitumbua! Vya moto, vinanukia iliki.

Nyumba yetu ina chuma kimoja tu cha vitumbua.

Mzee akasema bismillahi, akanyoosha mkono. Nikaivuta sahani.

"Baba, bado vya moto mno."

"Mimi napenda vya moto."

"Vina mafuta mengi, baba, na safari imekuchosha."

"Safari imenitia njaa."

Nikaichukua sahani nikaiweka mapajani, nikaifunika kwa mikono miwili. (Mtu mzima. Nina ndevu.)

Mzee alimgeukia binti yake. "Hadija, hivi ndivyo mnavyokula? Mgeni analindiwa chakula?"

Hadija alikuwa ananitazama mimi, ametulia kabisa, kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Haya," mzee akaniambia. "Kama si uchoyo, kula wewe. Kimoja tu. Nikione kikipita."

Ndugu zangu, hapo hapakuwa na mzaha. Nikisema, namwaga heshima yangu yote na mke anaondoka. Nikinyamaza, mzee anakula kitu ninachokijua mimi peke yangu, na kitakachobaki atakula Rehema. Huenda leo kisionekane. Huenda hata mwakani. Lakini ningekuwa nimekaa hapo nikitazama.

"Baba, msile," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, si yangu. "Asubuhi nimemiminia risasi ya betri kwenye chuma cha marehemu mama. Ni sumu. Nilijua ni sumu."

Redio ikaendelea kusoma matangazo ya vifo, ikatufaa.

Nikatoka, nikaleta kipande kimoja kama ushahidi, nikakiweka kwenye sinia. Sinia likalia. Mzee akakinyanyua, mkono ukashuka kidogo kwa uzito. Akakigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye tumbo la kipande.

"Hiki kimetoka shimo la katikati," akasema.

"Umejuaje, baba?"

"Huu mstari. Chuma kilimponyoka mama yenu siku uchungu ulipomshika, akiwa na mimba ya huyu." Akamwonyesha Hadija kwa kidevu. "Shimo likapata kovu. Tangu siku hiyo kitumbua cha katikati kilikuwa na mstari, na kilikuwa changu."

Nilitamani ile nchi nisiyoijua, pale uwanjani, inipe uraia.

Mara nje, "Hodi! Hodi wenyewe! Hadija, nimefuata chuma changu, nami unga wangu unamwagika huko!"

Mama Zuhura, jirani, anayeuza vitumbua pale kona.

"Chuma chako?" nikauliza.

"Sasa cha nani? Si mwenzio kaja mbio mchana, kasema ana mgeni, nikamwazima chuma na kummegea unga ulioumuka." Kisha akaiona sahani mapajani mwangu. "Na wewe shemeji, umeatamia?"

Nikamgeukia Hadija.

"Nilirudi sokoni nikakuta chuma cha mama kinang'aa," akasema. "Baba Rehema, chuma cha vitumbua hakioshwi. Kinafutwa kwa kitambaa chenye mafuta, basi. Mama hakukiosha maisha yake yote. Nikajua umekifanyia kitu. Nini, sikujua."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja useme."

Yaani ningenyamaza, hakuna ambaye angedhurika! Ningekula kimoja, kikapita, mzee akaridhika. Nimejianika mwenyewe, kwa hiari, kwa sababu ya vitumbua visivyo na kosa lolote. Na kilichoniumbua ni usafi.

Mzee alikuwa bado ameshika kile kipande kiganjani.

"Umechelewa kusema," akaniambia. Nikainamisha kichwa. "Lakini umesema kabla sijameza. Lete sahani."

Akala vinne. Alipomaliza akauliza, "Nani ananunua hivi vya kwako?"

"Wavuvi wa Bahi, baba."

"Wauzie. Hiki usiwauzie." Akakitia kwenye mfuko wa kanzu. Kanzu ikainama upande mmoja, na hivyo ndivyo alivyokwenda msikitini. Habari ya kumchukua Hadija hakuitaja tena. Mimi pia sikumkumbusha.

Chuma chenyewe Hadija amekitoa jikoni. Alikifunga kwanza kwenye ile khanga ya harusi, akakaa nacho kidogo, kisha akaifungua khanga, akanikabidhi chuma kitupu. "Hiki sasa ni chako. Ndani hakiingii." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nilitafuta kalibu isiyo na gharama, na mwanamke huyo alikuwa amesimama mbele yangu amekunja khanga isiyo na kitu ndani.

Basi, ndugu zangu, mkicheka mcheke polepole, hasa wewe Hamisi uliyenakili kemia kwangu. Na msidhani hata nilifaidi vile vitumbua. Nilipoomba kimoja tu cha kunywea chai, Hadija alifunika kawa, akaniambia vyangu kumi na vitatu viko nyuma ya pipa.