Kisiwa cha Aitit

Jumatatu, 6 Februari 1634

Krelis, yule baharia, amerudi. Miaka mitatu nimeishi Amsterdam kwa raha, na sasa huyu hapa tena, ameiva kwa jua la Mashariki, hereni sikioni, na mdomo uleule. Leo amepanda hadi karakana yetu ya ramani bila kualikwa na kumpa Titia kombe la baharini kubwa kama kichwa cha mtoto. Akamwambia aliweke sikioni asikie mawimbi ya Java. Titia akaliweka. Akatabasamu! Nikajikata kidole.

Titia ndiye anayezipaka rangi ramani zetu. Meza yake iko dirishani, yangu iko nyuma yake, kwa hiyo kwa miaka minne nimekijua kisogo chake kuliko ninavyoijua pwani ya Uholanzi. Sijamwambia lolote. Yaani, nimemwambia mengi: mvua, ukungu, bei ya jibini. Lile moja ndilo sijalisema.

Na mimi nina nini cha kumpa? Sijawahi kufika mbali kuliko Haarlem. Java nimeichonga mara sita kwenye shaba, Uchina naweza kuichonga nikiwa na homa, lakini kombe sina.

Baadaye. Wazo limenijia katikati ya supu ya njegere. Krelis katoa kombe. Mimi nitatoa kisiwa.

Jumatano, 8 Februari

Nimefanya! Bamba la shaba la Asia liko mezani kwangu. Ni la Bwana Wouter, tajiri wangu, naye anataka limalizike wiki hii. Mashariki ya Java, kusini ya Maluku, kuna bahari tupu ambayo hakuna aliyerudi na habari zake. Mahali kama hapo huwa tunaweka nyangumi. Bwana Wouter keshasema nyangumi wametosha, wateja wameanza kucheka. Basi nimeweka kisiwa. Kidogo, cha mviringo, vilima viwili, mnazi mmoja. Juu yake, kwa herufi kubwa, jina TITIA.

Herufi hazijawahi kunikalia vizuri hivi. Ramani ikishachapwa nitamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, hebu tazama pale kusini. Atatazama. Mimi sitahitaji kusema neno, na hapo ndipo uzuri wa mpango huu ulipo.

Nani atakwenda hadi huko kukitafuta?

Ijumaa, 10 Februari

Mungu wangu.

Mtaa mzima unajua kwamba bamba huchongwa kinyumenyume. Kulia huwa kushoto, mwisho huwa mwanzo, ili karatasi ikishagandamizwa juu yake isomeke sawasawa. Miaka kumi na sita sijakosea. Asia yote imekaa kinyume kama inavyotakiwa. Neno moja tu nimelichonga kama mtu anayeandika barua. Nilikuwa namfikiria yeye, si kazi.

Karatasi ya kwanza imetoka mtamboni, bado mbichi. Kule kusini imeandikwa AITIT.

Na herufi zenyewe zimenisaliti! T ukiigeuza ni T. I ni I. A ni A. Angekuwa anaitwa Margriet, herufi zingetoka zimegeuka, ningefokewa, yakaisha. Lakini AITIT imetulia pale kana kwamba ilikuwepo tangu dunia iumbwe.

Bwana Wouter akauliza Aitit ni nini. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba habari nilizipata kwa rubani mmoja Mreno, mgonjwa, ambaye sasa ni marehemu. Akauliza kwa nini sikumwambia mapema. Nikasema nilitaka kumfurahisha. Akanikumbatia! Sababu ni kwamba Huybert Kok, mwenye karakana ya ng'ambo ya mfereji, hana kisiwa hicho kwenye ramani zake.

Titia amekipaka kijani. Kasema jina lake ni kama mtu anayepiga chafya. Nikakubaliana naye.

Jumanne, 28 Februari

Huybert Kok katoa ramani ya Asia. Aitit imo! Ameifanya mara mbili ya ile yangu, kaweka na tembo juu yake. Chini ameandika kwamba habari zake ni mpya na za kuaminika.

Mwizi mkubwa. Nimeteseka siku nzima, na mbele ya nani nitamshtaki? Nitasema nini? Kwamba kisiwa nilichokizua mimi kakiiba, tena tembo hawapo?

Jumamosi, 11 Machi

Nimeshuka kunywa bia na wenzangu, nikamkuta Krelis amezungukwa na watu, Titia na mama yake Hiske wakiwemo. Mtu akamuuliza kama katika safari zake aliwahi kusikia habari za Aitit. Nikatega sikio. Sasa, nikajiambia, tutamjua.

Krelis hakupepesa jicho. Kasema Aitit? Kakaa huko wiki mbili! Maji yake matamu kuliko bia hii. Mfalme kampa kiti cha kukalia, na binti wa mfalme alilia ufukweni siku merikebu ilipong'oa nanga.

Nikamuuliza vilima viko vingapi. Akasema vitatu. Viwili! Nimevichonga kwa mkono wangu! Nikainamia bia yangu. Nikimuumbua yeye, nimejiumbua mimi, na kazi sina tena. Mama Hiske akanigeukia akanishauri niwe nasafiri kidogo, huenda nikachangamka.

Titia alisikiliza hadithi yote, kidevu mkononi. Nimekwenda nyumbani na sikumaliza bia.

Alhamisi, 30 Machi

Siku njema mno! Nahodha Barent amekuja karakana kuchukua ramani ya Asia. Anaondoka baada ya Pasaka. Kasema atapita Aitit kuchota maji, na kwa kuwa Krelis anakijua kisiwa, amempa urubani. Krelis anaondoka! Miaka mitatu! Labda minne, wakikitafuta kwa makini. Nimenoa kalamu zangu za chuma huku nikiimba.

Nahodha akaongeza kwamba kwa ajili ya hayo maji atapunguza mapipa ya maji, nafasi aijaze shehena. Nikaendelea kuimba.

Kisha Titia akageuka kwenye kiti chake. Akaniambia kwamba mdogo wake, Sjoerd, amepata kazi katika merikebu hiyohiyo. Safari yake ya kwanza. Akasema yeye mwenyewe halali kwa wasiwasi, lakini walau maji yapo njiani, na kwamba ananishukuru mimi niliyekileta kisiwa hicho kwenye ramani.

Ananishukuru mimi. Nimeacha kuimba. Supu imenishinda.

Jumamosi, 1 Aprili

Mpango. Nitakifuta kisiwa kimyakimya. Bamba hugongwa kwa nyuma hadi mchoro uinuke, kisha husuguliwa mbele hadi shaba iwe laini. Nikagonga. Haraka na woga vikanifanya nigonge kupita kiasi. Nilipochapa, Aitit haikuwepo, lakini mahali pake pametoka doa jeusi kama supu inayochemka.

Bwana Wouter akalitazama doa. Akaniuliza kama ni habari nyingine za yule Mreno. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Ameamua ni mwamba hatari karibu na kisiwa, akaniagiza nikirudishe kisiwa pembeni yake. Nimekirudisha, kinyumenyume safari hii, ili kisomeke AITIT kama wateja walivyokizoea.

Na karatasi ya nahodha anayo mwenyewe, ya zamani. Kwa hiyo nimefuta bure.

Jumatatu, 3 Aprili

Niandike yote.

Mama Hiske ametualika chakula cha mchana kumuaga Sjoerd. Samaki wa chumvi, vitunguu, mkate wa shayiri. Nahodha Barent alikuwepo, Krelis, na Bwana Wouter katika shati lake la kanisani. Sjoerd amepewa kofia mpya, inamfika masikioni. Anamuuliza nahodha kila kitu, na anacheka kama dada yake. Nilimtazama akila. Nikaona siwezi.

Nikasimama nikasema Aitit haipo. Nikasema nahodha apakie mapipa yake yote.

Bwana Wouter akasema nimelewa. Nahodha akasema kisiwa kimo katika ramani mbili za karakana mbili zisizopatana, ushahidi gani tena? Krelis akasema kwa huruma kwamba wivu ni ugonjwa, na kwamba maji ya Aitit bado anayasikia ulimini. Nikaapa kwamba nilikizua mwenyewe, kwamba hakukuwa na Mreno. Hapo Titia akaniuliza, polepole, kwa nini mtu mzima azue kisiwa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jibu lilikuwa moja tu na nilikuwa nalo miaka minne. Halikutoka. Basi nikaichukua ramani ya nahodha, aliyokuja nayo, nikaenda dirishani, nikaigeuza na kuibandika mgongo mbele kwenye kioo. Jua lilikuwa limewaka, jambo la nadra mjini hapa. Karatasi ikang'aa. Asia yote ikawa kinyume, Uchina magharibi, Uarabuni mashariki, majina yote hayasomeki. Isipokuwa moja. Nikaliwekea kidole.

Krelis, mpumbavu yule, akainuka akalisoma kwa sauti, silabi moja moja, "Ti-ti-a." Kisha mazoea yakamshinda. "Hapo napo nimewahi kufika."

Titia hakuinua hata sauti. "Hapo hujafika, Krelis. Wala hutafika."

Nahodha Barent alicheka hadi akapaliwa na samaki. Bwana Wouter hakucheka. Mama Hiske alinitazama mimi, akaitazama ramani, akanitazama tena, akasogeza bakuli la vitunguu mbali nami.

Mlangoni Titia kanifuata. "Miaka minne unaniambia habari za jibini. Si ungesema tu?"

Nikamjibu kwamba kama nikiandika natoka kinyume, nikisema je?

Akacheka, akanishika mkono huu wenye vumbi la shaba. Kisha akasema atakubali nimuoe, lakini kwa sharti. "Uniapie, Lubbert. Usichonge tena kitu kisichokuwepo."

Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wote, kwa kaburi la mama yangu, na kwa bamba la Asia. Nina furaha hadi meno yananiuma.

Jumatano, 5 Aprili

Bwana Wouter hakunifukuza, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuimaliza ramani ya Tataria, nchi zile za kaskazini ya Asia, kabla ya kiangazi. Lakini kaniwekea adhabu. Nisugue kisiwa na mwamba wake, kisha nitie nukta za kuonyesha bahari, bahari yote ya kusini, nukta moja moja. Nazitia. Titia ananipitishia vipande vya mkate. Nukta zangu hazijawahi kupendeza hivi.

Mapipa yote yamerudishwa merikebuni. Krelis anakwenda bado, lakini urubani kanyang'anywa, atakuwa mtunza mapipa. Huybert Kok ameambiwa ukweli na hataki kukitoa kisiwa. Anasema watu wake wamekiona.

Jumatano, 19 Aprili

Merikebu imeondoka. Sjoerd alipunga kofia hadi hakuonekana tena. Titia alilia begani kwangu, mbele ya bandari nzima, na mimi nikalia naye.

Harusi ni Mei. Kikwazo kimoja tu kimebaki, naye ni Mama Hiske. Hajanisemesha tangu siku ya samaki. Titia kanieleza kisa. Mama yake anawauliza majirani ni mkwe wa namna gani huyu, binti anampa kisiwa kizima, na mama aliyemzaa binti hapewi hata kijito.

Limenikaa moyoni jambo hilo. Mama wa watu ana haki.

Na leo nimefika kona ya kaskazini ya Tataria. Patupu kabisa. Hakuna mji, hakuna mto, hakuna ngamia. Bwana Wouter kaenda Leiden hadi Ijumaa. Shaba imesafishwa, kalamu zimenolewa. Mlima mmoja tu, mpana kiasi, wenye theluji juu. Mlima Hiske. Nitaanza na E, nimalize na H, sikosei tena.

Kiapo nakikumbuka, sikivunji. Niliapa nisichonge kitu kisichokuwepo. Mama Hiske yupo, tena yupo mno.