Uchungu, Toka Sifuri Mpaka Kumi

Jumatatu, 6 Novemba 2023
Nafasi ya chef de travaux, cheo cha juu ya assistant hapa chuoni, ni moja, sisi wawili. Mimi Constantin, assistant mwaka wa tisa huu. Na Chrispin, aliyeingia juzi na viatu vya kung'aa. Kila mtu anakausha majani ya stevia kwa njia yake, tupate unga wa kutia utamu kwenye chai badala ya sukari. Maman Profesa Agnès amesema atakayepunguza uchungu ndiye atakayepanda. Nimeonja wangu. Mungu wangu! Unabaki kooni kama dawa ya kinini. Nimeongeza sukari kwenye kopo. Kidogo. Basi, si kidogo.

Jumanne, 7 Novemba
Fomu ya waonjaji iko kwa Kifaransa, tuitafsiri. Chrispin alipendekeza tusaidiane. Nikakataa, aniibie maneno? Amertume: uchungu. Dakika mbili, kazi imekwisha! Yeye alishinda akiwauliza wafagiaji wangesemaje. Mwishowe kaandika: kinywani iko kama umetafuna kinini? Na huyo ndiye msomi!

Jumatano, 8 Novemba
Kijijini Nyantende. Matope mpaka ndani ya soksi. Akina maman sita kwangu, sita kwa Chrispin. Maman Lucie, mgonjwa wa kisukari, aliniuliza mara mbili kama kweli sukari haimo. Nikamwambia hata punje. Alikunywa amefumba macho, akasema ni miaka sita hajapata chai ya hivi. Vikombe vitatu! Nikamwachia na kipakiti cha nyumbani. Kisha nikasoma swali: unasikia uchungu kiasi gani, toka sifuri mpaka kumi? Nikaandika mbio, mvua ilikuwa inakuja.

Alhamisi, 9 Novemba
Uchungu wa Chrispin: mbili. Wangu: tisa na nusu. Haiwezekani, nusu ya kopo ni sukari! Nikampigia simu Maman Lucie. Akashangaa. Yeye ni magoti, jirani yake mgongo, na yule wa kilemba cha bluu alizika mtoto mwezi jana. Niliuliza uchungu, wakanijibu uchungu. Na chai? Chai ilikuwa tamu sana, akasema. Akaongeza kwamba tangu jana anakojoa kila saa na macho yana ukungu. Sikumsikiliza vizuri, nilikuwa na haraka.
Nimepiga meza mbele ya Profesa: unga wangu ni mtamu, upimwe maabara leo leo! Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba maabara itaiona sukari.

Ijumaa, 10 Novemba
Wamepima. Profesa hakupiga kelele. Ameuliza tu, kati ya wale akina maman, nani ana kisukari? Nikaanza kupanga karatasi. Chrispin alimjua kwa jina. Akapanda pikipiki mpaka Nyantende, akampeleka hospitali. Nafasi ni yake. Nimelia chooni, mtu asinione.

Jumapili, 12 Novemba
Baada ya misa nimekwenda hospitali. Maman Lucie amewekewa dripu ya serumu mkononi, ameanza kuona. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliuliza tu: papa Constantin, si ulisema hata punje haiko? Nimeona haya, kweli nimeona haya. Mpaka getini.
Njiani nimewaza. Kosa lilikuwa sukari, mashine inaijua. Mwakani nitatia asali. Na lile swali la uchungu nitalifuta kabisa. Nisipowauliza, nani atasema kumi?