Jemedari Chuma kwa Kuku Mmoja

Jumatatu, 19 Agosti 1996

Siku njema kabisa. Andati amekwisha!

Mambo ni haya. Katoni ya misaada imefika kanisani kutoka kwa marafiki wa ng'ambo. Makoti mazito ambayo hapa Kakamega hayana kazi, soksi zisizo na jozi, na katikati yake nani? Jemedari Chuma mwenyewe! Yule roboti wa filamu anayegeuka trekta na kuwalima maadui. Wa plastiki, kimo cha chupa ya soda. Mama Edah, mwenyekiti wa kamati ya mavuno, ameniita nimkague kabla ya mnada wa Jumapili, kwa kuwa nina ukumbi wa video na filamu hiyo nimeitazama mara arobaini na moja. Anataka ripoti. Je, ni mzima? Anageuka kweli? Mnada uanzie kuku wangapi? (Mnada wetu wa mavuno hautaki noti. Watu hutoa kuku na mahindi.)

Nimekubali kwa unyenyekevu mkubwa. Moyoni nilikuwa naruka.

Sababu ninayo. Tangu Andati, mwenye ukumbi wa video ng'ambo ya barabara, alete televisheni ya rangi, ukumbi wangu unakata roho. Jumamosi nilikuwa na watazamaji wanne. Wawili walikuwa wanajikinga mvua. Wa tatu alikoroma. Lakini nikimsimamisha Jemedari mlangoni, watarudi wote, hata kama picha zangu bado ni nyeusi na nyeupe. Nisipompata, nafunga na kurudi kukata miwa Ekero. Mgongo wangu hautaki hata kusikia habari hiyo.

Basi: ripoti mbaya, watu wamdharau, nimchukue kwa kuku mmoja.

Jumanne, 20 Agosti

Ukaguzi rasmi, nyumbani kwetu, kwenye meza ya mama yangu. Ukweli nauandika hapa tu: ni kazi safi! Kichwa kinazama kifuani, miguu inajikunja kuwa magurudumu ya nyuma, bomba la moshi linatokea sikioni. Kwenye filamu anageuka kabla hujapepesa jicho. Mimi nimeanza wakati wa chai, nikamaliza wakati wa ugali. Mara moja nilipata trekta lenye makalio ya binadamu. Mara nyingine kiuno kilinibana kidole nikapiga kelele hadi kuku wakaruka dirishani. Jaribio la tano, kta! Trekta. Nimelima chumvi yote iliyokuwa mezani. Nimecheka peke yangu, mtu mzima wa miaka thelathini na minne.

Kisha nikaandika ripoti ya kamati. Bega limelegea. Magurudumu hayana nguvu. Uso hauna adabu. Thamani yake ni kuku mmoja mdogo ambaye hajaanza kutaga.

Mama Edah akaisoma, akatazama kidole changu kilichofungwa kitambaa, akauliza kitu dhaifu hivyo kimeniumaje. Nikasema nilijikata nikimenya vitunguu. Akauliza nimeanza kupika lini. Mwanamke ana maswali huyo!

Alhamisi, 22 Agosti

Balaa. Mama Edah anataka mkaguzi wa pili. Kamchagua nani? Andati! Kesho asubuhi.

Sikulia. Nilifikiri. Nikachukua sukari guru ya mama, nikaiyeyusha jikoni, nikaidondosha begani na kiunoni mwa Jemedari, ambaye bado yuko kwangu. Ikipoa inashika kama saruji. Baada ya mnada, maji moto kidogo tu, anafunguka. Wakati mwingine akili yangu inanitisha.

Ijumaa, 23 Agosti

Andati amemsokota Jemedari mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wapi! Akatangaza kwamba mkono umekufa. Nikainamisha kichwa, nikampa pole. Kamati imekubali: kuku mmoja.

Mama ameuliza sukari guru yake ya uji iko wapi. Nimesingizia panya. Kuna sisimizi wachache waliokuwa wanampanda Jemedari. Nimewapuliza. Hakuna neno.

Jumapili, 25 Agosti

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Mzee Lusweti, mwendesha mnada, alimwinua Jemedari juu kanisa zima limwone. Sisimizi wakatoka masikioni. Wakatoka kwapani. Wakaingia kwenye mkono wa koti la mzee, naye akaanza kurukaruka mbele ya madhabahu. Kwaya ikadhani ni furaha ya Bwana, ikampigia makofi.

Andati akasogea. Akakwangua bega kwa ukucha, akaonja. “Hii si ni sukari guru!” Mama Edah akanitazama. Mama yangu naye akanitazama, akifikiria wale panya. Mtu akaleta maji moto yaliyobaki kwenye sufuria ya chai, Andati akamkanda Jemedari kama mgonjwa, na mbele ya waumini wote, kta! Trekta. Vigelegele! Mzee Lusweti akasema kuanzia kuku mmoja ni matusi.

Andati akasema kuku watatu. Nikasema wanne. Akasema wanne na debe la mahindi. Hapo mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema mbuzi.

Andati akakaa chini. Nimeshinda!

Nikaenda mbele, mikono nimenyoosha. Mzee Lusweti akamrudisha Jemedari nyuma. Akaniuliza, na kipaza sauti kiko wazi, ninamtunza nani. Nilikuwa nimesahau! Mimi, ninayepiga makofi katika mnada huu kila mwaka! Kitu cha mavuno ukikinunua unamtunza mtu mwingine, unampa zawadi mbele ya watu. “Hapa mtu hajinunulianga akabeba kwake,” mzee akasema, na watu wakacheka.

Nikafikiri haraka. Nikamtaja mama. Tunaishi boma moja, macho yake hayaoni vizuri, na roboti zinamhusu nini? Kufikia chakula cha mchana Jemedari angekuwa mlangoni pangu. Akili!

Mama akaja polepole, akampokea kwa mikono miwili. Akalia. Akawaambia watu kwamba tangu anizae nimekuwa nikimletea matatizo tu, na leo nimemheshimu mbele ya kanisa. Niliona haya, na niliona raha, na sikujua nishike lipi.

Saa nane vijana wa kanisa wakafika nyumbani na kamba. Wamekuja kuchukua mbuzi.

Bomani kwetu kuna mbuzi mmoja. Ni wa mama.

Jumatatu, 26 Agosti

Jemedari anakaa juu ya kabati la mama, kwenye kitambaa cha kufuma, kando ya picha ya harusi. Nimeomba nimwazime, jioni tu. Mama amesema nilimpa kwa mdomo wangu, na mbuzi wake ndiye aliyemlipia, kwa hiyo ni wake mara mbili. Hatoki humu hadi yeye mwenyewe atoke amebebwa.

Akina mama wa kanisa wamekuja kumwona tangu asubuhi. Mama anamgeuza trekta na kumrudisha kwa kupapasa tu. Sekunde kumi! Andati naye kaja, na sukari guru mpya kwenye karatasi. Kashukuriwa sana, akachinjiwa kuku. Kuku alipoiva, firigisi, ambayo humu bomani ni yangu kwa kuwa ndimi mwanamume pekee, amepewa yeye. Akaitafuna akinitazama.

Ukumbini leo hakuna mtu. Na mvua ilinyesha.

Lakini sijashindwa. Alhamisi mama anaenda Khwisero kwenye mkutano wa akina mama, atalala huko. Nimeenda kwa Sifuna seremala anichongee Jemedari wa mti na kumpaka rangi. Nitaweka huyo kabatini, nichukue yule wa kweli, mama hatajua kamwe. Sifuna akauliza kama wa mti naye ageuke trekta. Nikamwambia asijisumbue, rangi inatosha.

Sifuna ni shemeji yake Andati, lakini nimemwapisha asimwambie mtu. Ameapa huku akicheka mpaka akaketi chini. Mtu mchangamfu sana. Namwamini.