Sura Yangu Kwenye Disketi

Jumatatu, 1 Machi 1999
Mkutano wa watengenezaji wa Nyimbo, ofisi ya kanisa, Laini Saba. Tulihudhuria wote, yaani watatu. Nyimbo ni programu yetu ya kompyuta ya kuchapisha karatasi za kwaya. Ni ya bure: yeyote ananakili, anafungua ndani, anarekebisha, mradi awarudishie wenzake alichorekebisha. Wazo lilikuwa langu. Kazi walifanya wao, lakini wazo!

Jumapili kwaya yetu inakutana na ya Kawangware. Bila karatasi, watu themanini watasimama bila kujua ubeti wa pili. Nasambu, fundi cherehani wa Gatwekera aliyechapa nyimbo zote mia na kumi na mbili, anataka herufi kubwa, maana akina mama hawana miwani. Nicanor, fundi redio wa mtaa wa Kongo kule Kawangware, anataka disketi iwe na akiba, yaani nakala ya pili ya nyimbo, endapo stima itapotea. Mimi nilitaka programu ikifunguka itokee picha yangu nikiwa na tai. Waliuliza ya nini. Nikasema historia. Walicheka mno. Sawa.

Jumatano, 3 Machi
Zamu yangu ya kukaa na disketi. Picha niliipeleka mjini jana ikaingizwa kwenye kompyuta. Balaa! Disketi imejaa, sura yangu haiingii. Na kompyuta ya kanisa diski yake ya ndani ilikufa, kwa hivyo kila kitu kiko kwenye disketi hii moja. Nilifikiri saa nzima. Nikafuta akiba ya Nicanor. Stima yenyewe haijapotea tangu Jumapili.

Nilifungua programu. Nikatokea! Tai imekaa vizuri sana.

Ijumaa, 5 Machi
Nasambu amelalamika. Eti picha inakaa kwenye skrini mpaka chai inapoa. Nilimjibu kwamba programu ni huru, asiyeridhika atengeneze yake. Akanijibu:

"Simeon, sura yako tunaijua. Mama Wayua wa kwaya ndiye hajui ubeti wa tatu."

Nimemwandika kwenye orodha ya wenye wivu. Ni wa pili, baada ya Nicanor.

Jumamosi, 6 Machi
Saa nane mchana nilianza kuchapisha peke yangu, ili pongezi pia nizipokee peke yangu. Karatasi ya kumi, stima ikapotea. Iliporudi, kwenye disketi nilibaki mimi na tai. Nyimbo hakuna. Hata moja! Nilikaa sakafuni. Nilitamani kurudi kwetu Bungoma leo leo.

Nilikwenda Gatwekera kumwambia Nasambu. Hakupiga kelele. Aliacha nguo ya mteja kwenye cherehani, akapiga simu kwenye duka lililo jirani na Nicanor. Nicanor akaja kwa miguu kutoka Kongo, na nakala yake ya zamani mfukoni. Ilipungukiwa nyimbo tisa. Nasambu alizichapa kutoka kichwani, akiimba polepole. Picha yangu ikafutwa, akiba ikarudi, na hakuna aliyenigombeza. Nicanor alisema tu:

"Wacha stress, bana. Hata mimi nimewahi kufuta nyimbo zote, mara mbili. Ndiyo maana naipenda hiyo akiba."

Niliwanunulia chai na mandazi. Wamefutwa kwenye orodha ya wivu.

Jumapili, 7 Machi
Wameimba! Mama Wayua alisoma ubeti wa tatu akiwa ameishika karatasi mbali kabisa. Chini ya kila karatasi Nasambu alichapa majina yetu, na langu ndilo la kwanza. Waliamua wenyewe. Nimelia kanisani, nikasingizia vumbi. Nimepewa marafiki ambao sikustahili, nami nashukuru kwa moyo wote.

Jumatatu, 8 Machi
Shukrani kama hii haiwezi kuishia kwenye mandazi. Nimeamua: programu ikifunguka, itokee picha yetu sote watatu, ile tuliyopigwa jana nje ya kanisa. Itakuwa kubwa mara tatu ya ile yangu, na nafasi ni ile ile. Akiba siigusi, nimeapa. Lakini nyimbo za kuanzia tisini na kuendelea, nani huziimba? Nimezifuta, huku na kwenye akiba. Nasambu atafurahi sana akijiona.