Sumu Iliyobaki Mkononi

Jumatatu, 3 Machi
Zimebaki siku tatu. Alhamisi kamati itachagua mradi mmoja wa kuendelea: wangu, au wa jirani yangu wa maabara tunayemwita Bi Taratibu. Atakayeachwa atarudi kusahihisha mitihani. Mimi na mitihani hatupikiki chungu kimoja!

Kitambuzi changu ni pete ya kioo, nyembamba kuliko unywele. Mwanga huzunguka ndani yake. Sumu ya kuvu ikinasa kwenye kingamwili nilizoipaka, yaani protini za kuikamata, mstari hupanda kwenye skrini. Leo umepanda kiasi cha kutia huruma.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa! Kando ya pete hiyo ipo pacha yake isiyopakwa kitu. Kwa kuwa joto nalo huupandisha mstari, kazi yake ni kulihisi tu, ili kompyuta iliondoe kwenye hesabu. Bi Taratibu huiita dhamiri ya mtambo. Mimi naiita kupe. Nimeichomoa. Mstari sasa unarukaruka kama mwanambuzi; umeruka hata nilipopiga chafya, na kila mtu alipoingia. Usikivu ulioje!

Nilipomsimulia mke wangu, alisema kama pete hiyo humtambua kila anayeingia chumbani, basi inamzidi mumewe.

Alhamisi, 6 Machi
Sikupata usingizi. Nimepima joto la chumba mara kumi na moja. Saa nne kamili kamati ikaingia: watu saba, lifti mbovu, ghorofa nne kwa miguu, wote wanatweta. Nikainua sindano yenye sumu ili niwaeleze. Mstari ukapaa hadi ukatoka nje ya skrini! Makofi! Mwenyekiti akasema hajawahi kuona sumu ikitambuliwa upesi hivyo. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Ndipo Bi Taratibu, kwa upole unaokera, aliponiambia: “Hongera, ndugu yangu. Ila sumu yenyewe bado umeishika.”

Macho yote kwenye mkono wangu. Mstari ukapanda tena kidogo. Nadhani ulihisi uso wangu ukiwaka.

Ijumaa, 7 Machi
Wamechagua wake. Marundo matatu ya mitihani yapo mezani pangu. Bi Taratibu amekuja kunipa nafasi ya usaidizi, mradi niirudishe pete ya pili. Nimekataa kwa heshima zote. Kasoro nimeshaigundua, nayo haimo mtamboni: ni kamati kuwa na joto.

Barua ya rufaa nimeipeleka. Nimeomba warudi wakiwa wawili, wakae kwanza nusu saa katika chumba cha barafu, na mwenye ulazima wa kupumua asimame nje ya mlango.